Shahidi wa Koplo

Kwenye benchi la kungojea, nje ya chumba cha baraza la rufaa, Koplo alikaa katikati ya watu wawili aliowapenda na kuwaogopa kwa namna mbili tofauti. Kulia kwake alikaa Dobi, mwanamke ambaye Koplo alitaka kumwoa. Kushoto alikaa Seremala, baba yake Dobi, mzee mwenye mabega mapana ambaye ndiye aliyekuwa na idhini ya ndoa hiyo mfukoni. Wote wawili walikuwa wamekuja kumtolea ushahidi. Na Koplo alijua kwamba kila mmoja akisema anachokijua, yeye atatoka mle ndani amepoteza kitu kimoja kati ya viwili, riziki au mke.

Kwa kweli hakuwa koplo tena. Jeshi lilimrudisha nyumbani baada ya lori alilokuwa akiliendesha kukanyaga bomu la kutegwa, lakini cheo kilimfuata mpaka mtaani kikageuka jina. Mwili ulipona vizuri hata watu wakasahau kwamba aliwahi kuumia. Kilichobaki ni mkono wa kulia. Ukiutazama ulikuwa mkono kama mikono ya watu wengine, wenye kovu jembamba kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja na baka dogo la kuungua tu. Lakini vidole vilikuwa vimepoteza hisia, tena vilikuwa na kiburi chao. Vikishafumba juu ya kitu, mara nyingine vilikataa kufumbuka, na ilimbidi avibandue kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Jambo hilo alilificha kwa watu wote isipokuwa dada yake aliyeishi naye, na Dobi. Huyu Dobi hakuambiwa, aligundua mwenyewe. Alikuwa na duka la kufua na kupiga pasi jirani na nyumba ya dada yake Koplo, na kila wiki Koplo alimletea mashati yaliyofungwa vifungo vyote isipokuwa viwili vya juu, kama mashati ya dukani. Mwanzoni alidhani ni mbwembwe za kijeshi. Baadaye akaelewa kwamba mtu huyu huyavaa kwa kuyapitisha kichwani. Hakuuliza kitu. Shati liliporudi wiki iliyofuata, nyuma ya kila kifungo alikuwa ameshona kibanio kidogo kinachojifunga kwa kubonyezwa, na vifungo vyenyewe vikabaki pambo. Koplo alipolivaa asubuhi, akalibonyeza kwa dole gumba la mkono wa kushoto likajifunga lote mpaka shingoni, alikaa kitandani muda mrefu akitazama ukuta. Mtu akitaka kujua mapenzi yao yalianzia wapi, yalianzia hapo.

Sasa walikuwa mbele ya mlango wa baraza kwa sababu maombi ya kwanza yalikataliwa, na yalikataliwa kwa kosa la Koplo mwenyewe. Ni kosa ambalo raia asingelifanya hata kwa kulipwa. Alikuwa ameomba vitu viwili: mafao ya ulemavu, na nafasi katika chuo kinachowafundisha askari walioumia kazi mpya. Alipokwenda kupimwa, mpimaji alimpa chuma kizito akamwambia ashike kwa mkono wa kulia. Simu ya mpimaji ikalia, akatoka nje kuipokea, na mazungumzo yakanoga. Koplo alibaki amesimama wima katikati ya chumba, chuma mkononi, jasho likimtiririka mgongoni, bega likiwaka moto. Hakuna aliyemwambia aweke chini. Askari hakiweki chini alichopewa mpaka aambiwe.

Mpimaji aliporudi alishangaa, akamuuliza kama bado ameshika tu.

"Ndiyo, afande," alijibu Koplo.

Alipoambiwa aweke, alimgeuzia mgongo kama mtu anayetazama dirishani, akabandua vidole kwa siri. Taarifa iliyoandikwa siku ile ilisema kwamba mkono wa kulia una nguvu na ustahimilivu kuliko kawaida, na mwombaji anafaa kurudi kwenye udereva wa malori.

Rufaa ilikuwa kazi ya dada yake na Dobi. Yeye angeliacha jambo life. Sheria ya baraza ilitaka mashahidi wawili wasio ndugu, mmoja anayemwona mwombaji katika maisha ya kila siku, na mwingine mtu mzima anayeheshimika. Wa kwanza alikuwa Dobi. Wa pili alijitolea mwenyewe. Seremala aliposikia kwamba mkwewe mtarajiwa ana kesi na idara ya askari wastaafu, alidhani jeshi linamdhulumu kijana malipo ya kovu lake, akasema atakwenda kumsemea, tena kwa sauti. Koplo hakumsahihisha. Tena mzee alikuwa ameshamtafutia kazi kwa rafiki yake mwenye malori. Jumatatu ijayo angeanza kuendesha, na harusi ingepangiwa tarehe baada ya mshahara wa kwanza.

Seremala aliinuka kwenda kunywa maji mwisho wa ukumbi. Koplo akainama upande wa Dobi.

"Mbele ya baba usiseme habari ya pasi," alinong'ona.

"Sasa nimekuja kusema nini? Kwamba una meno mazuri?"

"Sema bega linauma. Sema usiku silali vizuri. Hayo yanatosha."

"Hayo hata mimi ninayo," alisema Dobi. "Na sijaomba mafao."

"Niahidi, tafadhali."

Dobi alimtazama. Alikuwa na macho ambayo hayakimbii haraka, macho ya mtu aliyezoea kukagua kola na kuona doa ambalo mwenye nguo halioni. Koplo aliyapenda macho hayo siku zote, lakini leo alitamani yaangalie pengine.

"Nitajibu nitakachoulizwa," alisema.

Kabla hajamsihi tena, mlango ulifunguliwa wakaitwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa kusuasua, na viti vitatu vilivyopangwa kuitazama meza. Nyuma ya meza walikaa watu wawili. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Daktari wa baraza alikuwa mwanaume mwembamba aliyekuwa akibofyabofya kalamu yake. Mwenyekiti aliwakaribisha vizuri, akasema hapa si mahakamani, kila mtu aseme kwa raha yake. Koplo alijibu, "Sawa, afande," na yule mama akacheka kidogo, akasema kwamba hajawahi kuitwa hivyo hata na mumewe.

Alianza na mzee.

Seremala alisimama ingawa aliambiwa anaweza kukaa. Alieleza kwamba amemjua kijana huyu tangu alipohamia mtaani, hajamwona amelewa, hajamsikia akigombana na mtu, na salamu zake ni za mtu aliyelelewa. Daktari akamuuliza kama amewahi kuona mkono wake wa kulia ukimsumbua.

"Ukimsumbua?" Mzee alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilingojea. "Bwana daktari, mimi ni seremala. Mtu ninamjua kwa mkono. Wapo wanaokupa mkono kama wanakupa kitambaa kilicholowa. Huyu siku aliyokuja kwangu kumposa binti yangu nilimpa mkono, akanishika. Akanishika, akanishika. Akaleta na mkono wa pili juu kwa heshima. Hakuniachia mpaka nilipomwambia, kijana, basi, nimekubali." Alimgeukia Koplo kwa fahari. "Nikawaambia nyumbani, huyo ndiye mwanaume. Anachokishika hakiachii."

Daktari aliandika. Koplo alitazama sakafu. Siku ile vidole vilikuwa vimefumba juu ya kiganja cha mzee kama mtego, na mkono wa pili haukuletwa kwa heshima. Ulikuwa ukibandua kidole baada ya kidole, huku uso wake ukitabasamu. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata Dobi hakulijua hilo, na sasa Koplo alihisi kichwa cha Dobi kikigeuka polepole kumwelekea na macho yake yakimchoma shavuni. Ameelewa, aliwaza. Mwanamke huyu haelezwi kitu mara mbili.

Mwenyekiti alimshukuru mzee, akamgeukia Dobi. Alimuuliza amemfahamu mwombaji kwa njia gani.

"Ninamfulia," alisema Dobi. "Na ninampenda."

Alilisema kwa sauti ile ile, kama vitu viwili vilivyo kwenye risiti moja. Seremala alikohoa. Daktari akaacha kubofya kalamu. Mwenyekiti akavaa miwani yake, akamtazama vizuri zaidi, akamuuliza: je, kuna kazi yoyote ya kawaida ambayo amemwona Koplo akishindwa kuifanya kwa mkono ule?

Dobi alimtazama Koplo kwanza. Koplo alijua anampa nafasi. Alikuwa akimngojea yeye aseme mwenyewe, ainue kichwa, akohoe hata. Hakufanya chochote.

"Vifungo hawezi," alisema Dobi. "Kufungua mfuniko wa chupa hawezi. Ufunguo anautumia kwa kushoto. Siku moja alikuwa dukani kwangu tunazungumza, akaweka mkono juu ya meza ya pasi bila kutazama. Pasi ilikuwa imewaka, na mkono ukaigusa. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipogeuka, nyama ilikuwa inaungua, na yeye anaendelea kunihadithia. Alikuwa anacheka." Sauti yake ilitetereka, akaikaza. "Hakujua. Mpaka leo akiingia dukani, kwanza ninazima pasi, kisha ndiyo ninamsalimia. Na akishika kitu, mara nyingine hakiachii. Si kwamba hataki, baba. Hawezi."

Neno *baba* lilimtoka bila kukusudia, na kila mtu mle chumbani aliona ni nani aliyekuwa akiambiwa.

Seremala hakutikisika. Alikuwa akitazama viganja vyake mwenyewe.

"Si kweli," alisema Koplo.

Alijisikia akisema. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kwenye gwaride, sauti ya kujibu kabla ya kufikiri. Mwenyekiti akamuuliza ni lipi ambalo si kweli.

"Hayo ya mkono. Anatia chumvi kwa sababu ananihurumia. Mimi niko sawa."

Dobi alikusanya mkoba wake mapajani, akainuka, akatoka nje. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo lilimuumiza Koplo kuliko kishindo.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema kwa upole kwamba baraza lina mashahidi wawili wanaopingana na mwombaji anayejipinga mwenyewe, na kwamba yeye kwa umri wake ameona askari wengi wakishindwa kesi zao kwa kukaa wima mno. Angewapa muda mfupi wapate hewa. Wakirudi, atamuuliza Koplo swali moja tu, na jibu lake ndilo litakalokuwa jibu. Hakuna rufaa juu ya rufaa.

Koplo alimkuta Dobi mwisho wa ukumbi, karibu na pipa la maji, amempa mgongo.

"Umeniita mwongo," alisema bila kugeuka. "Mbele ya baba yangu na mbele ya watu wa serikali."

"Na wewe umenivua nguo mbele yao."

"Mimi?" Aligeuka. Hakuwa analia, ingawa macho yalikuwa yameiva. "Mimi niliyekaa siku mbili nashona vibanio ili mtu asikuone unahangaika kujifunga shati? Nilikustiri kwa watu wa mtaani, Koplo. Hawa hawakuja kukucheka. Hawa ndio watu pekee ulimwenguni waliolipwa mshahara wasikie kwamba huwezi."

"Baba yako je? Naye kalipwa?"

Dobi alitazama mlango wa chumba cha baraza.

"Ulimsikia," Koplo aliendelea. "Mkono ndio alioupenda. Nikiusema, ananinyima."

"Anakunyima nini?"

"Ananinyima wewe."

"Mimi ni sahani ya chakula? Huyu ananipakua, huyu ananinyima." Alisogea karibu, sauti ikashuka. "Haya. Tuseme umeshinda. Uko sawa. Jumatatu unapanda lori la rafiki wa baba. Mkono uko kwenye gia, vidole vimefumba, na mbele kuna mteremko. Utafanyaje?"

"Nitatumia kushoto."

"Na usukani utaushika kwa meno?"

Koplo alikuwa dereva mzuri, na dereva mzuri huuona mteremko hata akiwa amesimama ukumbini. Aliuona. Aliuona na mzigo nyuma yake.

"Chini ya mteremko kuna watu wanavuka," alisema Dobi. "Nao utawaambia, niko sawa, afande?"

Koplo alitaka kumshika bega, akainua mkono wa kulia kwa mazoea, kisha akaurudisha chini kwa sababu hakujua kama ukishamshika utakubali kumwachia. Dobi aliona yote hayo. Kitu fulani kwenye uso wake kililegea, lakini hakumsaidia. Aliupita mkono ule, akampita na mwenyewe, akarudi kwenye chumba. Harufu ya nguo zilizopigwa pasi ilibaki kidogo pale aliposimama.

Koplo alipoingia, Seremala alikuwa bado amekaa vile vile, kama kiti na mtu wameshonwa pamoja. Mwenyekiti akavaa miwani. Alimuuliza Koplo kama anaweza kufanya kazi ya udereva aliyoifanya zamani.

Koplo alisimama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye jengo lile, akaketi tena, akaegemea kiti kama raia.

"Siwezi," alisema.

Lilikuwa neno dogo lakini lilimchosha. Alilisema tena ili alizoee. Kisha akasema kwamba alichoeleza Dobi ni kweli tupu, na kwamba aliyesema uongo ni yeye. Alieleza habari ya chuma, na simu, na kugeuka dirishani. Daktari aliinua macho.

"Vidole vinafumba kila mara?" aliuliza.

"Si kila mara, daktari. Hupendelea wakati mbaya."

"Unaweza kunionyesha?"

"Nipe mkono."

Daktari aliuzunguka ukingo wa meza, akampa mkono. Koplo aliushika. Walitazamana kama watu wanaosalimiana baada ya miaka mingi. Daktari akatabasamu, akajaribu kuutoa, haukutoka. Akajaribu tena, na tabasamu likaondoka. Kwa mkono wake wa pili akachukua kalamu, akachoma ncha yake kwenye kidole cha Koplo, akauliza kama anasikia. Koplo alisema hasikii. Akachoma kingine. Hasikii. Mwenyekiti alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti.

Ndipo Koplo akaleta mkono wa kushoto juu, akaanza kubandua. Kidole cha kwanza. Cha pili. Feni ililalamika juu. Hakutazama upande wa Seremala, lakini hakuhitaji kutazama. Alisikia kiti cha mzee kikilia, na pumzi ndefu ikitoka kifuani mwa mtu ambaye ameiona salamu hii kabla ya leo, na mkono huu wa pili ukija juu, kwa heshima.

Uamuzi haukuchukua muda. Mwenyekiti alisema barua itafuata, lakini kwa kuwa chuo kinafungua muhula, ni afadhali Koplo ajue sasa hivi. Mafao yamekubaliwa. Mafunzo yamekubaliwa pia, naye daktari alipendekeza asomee kupanga safari na mizigo ya malori, kwa kuwa barabara anazijua na sauti ya kuamrisha madereva anayo. Chuo ni cha bweni, kiko mbali, na mafunzo ni ya miezi tisa. Anatakiwa aripoti Jumamosi.

Koplo alishukuru. Alikuwa ameshinda, na alihisi kama mtu aliyepewa mzigo mikononi huku nyumba yake ikibomolewa nyuma yake.

Nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari, Seremala alitembea mpaka karibu na lango ndipo akasimama. Hakufoka. Koplo angependelea afoke.

"Kumbe siku ile hukunishika," alisema mzee. "Ulinasa."

"Nilinasa, baba. Lakini hata ningeweza, nisingeachia."

"Maneno hayo kawaambie wanawake." Aliutazama ule mkono, kisha akamtazama usoni. "Sikiliza, kijana. Ubao wenye ufa mimi siutupi. Naugeuza, nautafutia pa kukaa. Lakini mtu akipaka rangi juu ya ufa akaniuzia, mtu atakaa juu ya kiti hicho, kitavunjika, na jina litakalotajwa ni langu. Mkono wako ningeuvumilia. Wewe ulikaa mezani kwangu ukala, ukacheka na mimi habari ya salamu ile, ukaniacha niwahadithie majirani."

Koplo alisema, "Ni kweli."

"Nilikuwa nakutafutia lori. Rafiki yangu ana watoto wanaopanda kwenye lori hilo." Mzee alitazama langoni. "Mambo ya harusi nimeyasimamisha. Mama, twende."

*Mama* alikuwa Dobi. Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni, kwa kuwa ndiye aliyechukua jina la bibi. Dobi hakusogea.

"Tangulia, baba, nakuja."

Mzee aliondoka hatua chache, akafika langoni, na pale akapata shughuli ya kufuta viatu vyake ambavyo havikuwa na vumbi.

Dobi alimkabili Koplo. Jua lilikuwa limempiga usoni, akakunja macho kidogo.

"Wewe na baba mmenizungumza mara ngapi?"

"Mara nyingi," alikiri Koplo.

"Na wazee wenu walikuja. Na dada yako alikuja. Na leo yule mama wa baraza ameniuliza. Mimi umeniuliza lini?"

Koplo alifikiri. Alipitia siku zote nzuri alizokuwa nazo, dukani kwake, barabarani, kwenye ngazi za nyumba ya dada yake wakila karanga na kutupiana maganda. Walishazungumza rangi ya mapazia. Walishagombana kuhusu upande gani wa kitanda. Hakuikuta siku aliyomuuliza.

"Sijakuuliza," alisema.

"Niulize."

"Mzee yupo pale, anasikia."

"Ndiyo maana."

Aliyakusanya maneno yake. Alizoea kutoa taarifa, na taarifa inaanza na hali ilivyo, kwa hiyo akaanza na hali ilivyo.

"Ninakwenda miezi tisa. Nikirudi sitakuwa dereva, nitakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti akipanga safari za wenzake. Mkono huu hautapona, daktari ameniambia mlangoni. Baba yako hanitaki, na ana haki. Leo nimekuita mwongo na wewe ndiye uliyekuwa unaniokoa." Akamtazama machoni. "Katika hali hiyo, mimi, unanikubali?"

Dobi alimtazama, na Koplo aliyaacha macho yale yamkague yatakavyo, kola na doa na kila kitu. Gari moja liliingia uwanjani, likaegeshwa, watu wakashuka wakaenda zao. Yeye bado alikuwa anatazamwa.

"Lile la leo usirudie," alisema Dobi hatimaye.

"Sirudii."

"Siyo kwa watu tu. Hata tukiwa wawili. Ukiungua, useme umeungua."

"Nitasema."

"Basi nimekubali." Alishusha pumzi kama mtu aliyeweka ndoo kichwani vizuri. "Kuolewa kuna wenyewe, na mmoja wao yuko pale anafuta viatu. Hilo sitakuahidi. Lakini kukubali ni kwangu peke yangu, na nimekubali. Hata akisimamisha harusi miaka kumi, hilo hawezi kulisimamisha."



Kule langoni, mzee alikuwa amemaliza viatu. Alibaki amewapa mgongo, mkono mmoja kwenye nguzo ya lango, kichwa kimeinama. Walidhani ataondoka bila neno.

"Kijana," aliita bila kugeuka. "Huko unakokwenda wanaruhusu wageni?"

"Baada ya mwezi wa kwanza, baba."

"Nitakuja. Peke yangu, bila huyu. Utanieleza kila kitu tangu mwanzo, kama watu tusiojuana. Nikiridhika tutaanza upya. Nisiporidhika, nitapanda gari nirudi kwangu, na huyu atanisumbua mpaka nife." Aliiachia nguzo. "Na usinipe mkono."

Akatoka langoni, mabega yake mapana yakapotea upande wa barabara.

Dobi akamfuata baba yake. Hakugeuka nyuma, na Koplo hakutarajia ageuke, kwa kuwa alikuwa ameshajibu.